Kochi Lisilokaliwa

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, chini ya upenu wa kibanda cha kinyozi. Mimi nauza kahawa hapo, na maneno natoa bure. Wateja wa kudumu ni watatu. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe, na kichwani hana hata unywele mmoja. Karani alistaafu miaka kumi iliyopita, lakini kalamu bado haijatoka mfukoni mwa shati. Wa tatu ni Spoku, fundi baiskeli, mume wa yule nesi anayetembea mbiombio hata siku za likizo. Asubuhi moja, mvua imetoka kukatika, Spoku alikuja amekumbatia mfuko mkubwa wa plastiki. Nikammiminia kabla hajaomba.

Karani: Umefukuzwa?

Spoku: Bado. Mpaka saa sita.

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na blanketi la pamba, pembetatu nyekundu na bluu zimepangana safu kwa safu, matamvua meupe ncha zote mbili. Tulilijua kwa sifa. Mkewe alilinunua la kupambia kochi, na tangu siku hiyo kochi halikaliwi.

Wembe: Kwani wewe nyumbani unakaa wapi?

Spoku: Kwenye ndoo.

Wembe: Ndoo ya maji?

Spoku: Naigeuza kwanza.

Akatueleza kisa chake huku anapuliza kahawa. Mke ametoka alfajiri kwenda hospitali, mvua inapiga, baridi inamkata. Akajilaza kwenye kochi, akajifunika dakika mbili tu. Kaamka saa tatu, blanketi liko sakafuni, mto mmoja uko mlangoni.

Spoku: Sasa sikumbuki lilikuwa limewekwaje. Saa sita anarudi. Akilikuta vingine, nitahamia kwenye ndoo moja kwa moja.

Karani: Hukuangalia kabla ya kulivuta?

Spoku: Mtu mwenye baridi haangalii, mzee. Anavuta.

Karani akatoa kalamu.

Karani: Linakunjwa mara tatu kwa urefu, linalazwa juu ya mkono wa kochi, matamvua yatazame mlango. Mafaili yetu ofisini yalikaa hivyo miaka thelathini.

Mimi: Mafaili yenu yalikuwa na matamvua?

Karani: Yalikuwa na kamba, bibi.

Wembe: Achana na kamba zake. Blanketi la urembo halikunjwi, linatupwa. Nimeona kwenye picha. Linatakiwa lionekane limeanguka lenyewe, mwenye nyumba hana habari.

Spoku: Mke wangu huchukua nusu saa kuliangusha lenyewe.

Wembe: Kwa sababu anaangalia. Unarudi hatua tatu, unafumba macho, unatupa. Likishatua, hugusi.

Spoku ni mtu wa kuelekezwa. Akarudi hatua tatu, akafumba macho, akatupa. Blanketi likapita juu ya ubao, likamfunika Karani mzima mzima. Tukasubiri. Sauti ikatoka humo ndani.

Karani: Kuna joto zuri huku.

Alipokuwa anajifunua, mkono ukapiga kikombe. Kahawa ikalowesha matamvua. Spoku akakaa chini, palepale kwenye tope.

Wembe: Maji ya moto. Yachemke kabisa.

Karani: Siki na chumvi, kisha lipigwe jua la mchana.

Wembe: Au tulimwagie kahawa lote. Rangi ikiwa moja, hakuna doa.

Karani: Au nikuandikie barua, tuseme lilitoka hivyo dukani.

Nikawanyang'anya. Nimefua vya watu miaka arobaini kabla magoti hayajagoma, na hao watatu hata soksi zao hufuliwa na wengine.

Mimi: Maji ya moto yatalifanya limtoshe mtoto mchanga. Jua kali litaipausha hiyo nyekundu. Wembe, lete taulo, lile safi kama unalo.

Nikachukua maji baridi na sabuni kidogo. Nikaweka taulo chini ya doa, nikagandamiza kwa kitambaa, sikusugua. Ukisugua, doa linazama na nyuzi zinachanguka. Nikasuuza, nikakamua ndani ya taulo bila kusokota, nikanyoosha matamvua kwa vidole, moja moja. Kisha nikalilaza kivulini, limenyooka juu ya ubao. Ukilitundika kwa pembe moja linavutika, na pembetatu zinageuka mikia. Doa likabaki kivuli tu, la kuonwa na anayelitafuta.

Ikawa wanaume watatu wamesimama, blanketi limekaa.

Hapo akatokea mama mmoja mwenye mkoba, mtandio umelowa, anatetemeka. Spoku akasimama wima kama mbele ya askari.

Spoku: Shikamoo, mama. Mbona hatukujua kama unakuja?

Mama mkwe: Marahaba, baba. Ningesema, mngehangaika. Nyie mbona mmesimama na ubao upo?

Wembe: Linakauka, mama.

Karani: Ni la kochi. Halikaliwi wala haliguswi.

Mama akalitazama, akatutazama.

Mama mkwe: Sasa mtu akisikia baridi, mnamfunika nini?

Wembe akageukia kioo chake. Karani akatoa kalamu, akairudisha. Na mimi nikaanza kupanga vikombe.

Spoku ndiye aliyeshika matamvua, yakiwa na unyevu kidogo tu. Akalibeba blanketi, akamfunika mkwewe mabegani, wakaenda. Mimi nikafuata na mkoba. Si kwa wema, nilitaka kuona.

Saa sita nesi akaingia. Mama yake alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi limemkaa ovyo, mguu mmoja uko nje, mto uko sakafuni. Spoku alikuwa kwenye ndoo. Nesi akatazama blanketi, macho yakafika mpaka kwenye kile kivuli cha doa, akamgeukia mumewe.

Spoku: Nilianza mimi. Asubuhi nilisikia baridi.

Mama hakufumbua macho.

Mama mkwe: Na mimi nimemalizia. Ukitaka kumgombeza, anza na mimi. Baridi imenitoka sasa, nguvu ninazo.

Nesi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akavuta ncha ya blanketi, akafunika ule mguu wa nje, akarudi nyuma hatua tatu kuangalia.

Nesi: Limekaa vizuri.

Akamwambia mumewe asogee, wakabanana wawili juu ya ndoo ile.

Nikarudi kijiweni. Ubao ulikuwa mtupu na mkavu. Wembe na Karani walikuwa bado wamesimama pembeni yake, wanabishana blanketi lilitazama upande gani. Nikakaa mimi.