Kofia ya Kijani ya Zakayo Ishengoma Rwegoshora (1966–2017)

Wasifu huu umeandikwa na mjane wake, Emiliana. Unasomwa na binti yao, Martina.

Marehemu Zakayo hakuwa Frimasoni. Wasifu huanza na kuzaliwa, nami ningependa kuanza hapo, lakini kuna watu waliokuja leo wakiwa na swali hilo moyoni, na sitaki walibebe mpaka kaburini. Kofia ya kijani aliyoivaa kila Ijumaa, yenye herufi G mbele, ni ya timu ya mpira wa Kimarekani iitwayo Packers, ya mji wa Green Bay. Si ile G ya Frimasoni, ya katikati ya bikari, ambayo watu huonyeshana kwenye simu. Wazee wawili wa ukoo wamenipigia kutoka nyumbani wakinisihi jambo hili nisilitaje, na kofia isionekane. Nimewajibu kwa heshima kwamba kofia itakuwa juu ya jeneza. Sababu nitaieleza hapa mara moja tu.

Zakayo alizaliwa tarehe 14 Juni 1966 katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ishengoma na Mama Jenerosa, ambao wote wamemtangulia. Alibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri, na katika kanisa hilo aliishi na kufa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, kisha Sekondari ya Kahororo, ambako alihitimu kidato cha nne mwaka 1984. Walimu wake walimkumbuka kwa ubishi. Hakuwa mkorofi, ila aliuliza. Mwalimu akisema timu ya bweni itakuwa na nahodha fulani, Zakayo alinyoosha mkono: nani kamchagua? Alichapwa kwa swali hilo, na akaendelea kuliuliza maisha yake yote.

Alianza kazi ya udobi katika hoteli moja jijini Mwanza. Huko ndiko tulikokutana, mimi nikiwa mwalimu mpya niliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 30 Desemba 1995. Wapo waliosema mwenye digrii ameolewa na mpiga pasi. Shati lake la harusi alilinyoosha mwenyewe kwa wanga, na hakuna bwana harusi niliyemwona tangu siku hiyo mwenye ukosi uliosimama vile. Mungu alitujalia watoto wawili, Martina na Rogers.

Mwaka 2003 alikuja Dubai kufanya kazi katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Deira. Alipanda hadi kuwa msimamizi. Nilimfuata mwaka 2006, nikapata kazi ya kufundisha shule ya chekechea Al Qusais, na tukapanga nyumba mtaa wa Karama.

Sasa nifike kwenye kofia.

Mwishoni mwa 2010 hoteli ilikuwa na mgeni wa muda mrefu, Bwana Harlan, mhandisi mzee kutoka jimbo la Wisconsin. Kila wiki alituma jezi yake ya kijani ipigwe pasi, lakini kwenye karatasi ya dobi hakutia tiki mahali pa kufua. Zakayo alidhani mzee amesahau. Kwake yeye, nguo inayonuka haikupaswa kutoka mikononi mwake, basi akaifua kwa uangalifu wote. Timu ikafungwa. Wiki iliyofuata akaifua tena, ikafungwa tena. Ndipo mzee aliposhuka mwenyewe hadi chumba cha dobi. Marehemu alipenda sana kusimulia mazungumzo hayo, na mimi nimeyasikia mara nyingi kiasi cha kuyaandika bila kukosea.

"Kijana, unaniua," mzee alisema. "Jezi haifuliwi timu ikiwa inashinda."

"Samahani sir, nilidhani umesahau. Basi nimpigie bosi wa timu nimwombe radhi?"

"Haina bosi. Timu ni yetu sisi, watu wa mji."

"Hakuna arbab, tajiri mwenye mali?"

"Hakuna."

"Na kafeel je? Hata kafeel?"

Ilibidi mzee aelezwe kafeel ni nani. Alipoelewa kwamba ni mdhamini ambaye bila yeye mgeni hapa hana kazi wala kibali, alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamweleza kwamba timu hiyo ilianzishwa mwaka 1919, na tangu 1923 ni mali ya watu wenyewe wenye hisa. Hisa hizo hazimlipi mtu faida, na sheria zao hazimruhusu tajiri mmoja kuichukua timu. Miji mikubwa mingi ya wakati ule ilipoteza timu zake. Green Bay, mji mdogo wa baridi kali, bado inayo.

Zakayo alirudi nyumbani jioni ile hakula. "Emiliana," aliniambia, "kuna kitu duniani kisicho na mlezi, na kimeishi."

Jezi haikufuliwa tena. Timu nayo haikupoteza tena mchezo hadi ilipotwaa ubingwa Februari 2011. Bwana Harlan alipoondoka alimwachia dobi wake kofia.

Tarehe 6 Mei 2011, baada ya ibada ya Ijumaa, siku ya mapumziko hapa Dubai, Zakayo alikusanya watu sebuleni kwetu: walinzi, wapishi, wasaidizi wa nyumbani, Watanzania, Wakenya, Waganda wawili. Siku hiyo ulizaliwa Umoja wa Mji Mdogo, ambao leo umebeba jeneza hili. Kanuni zake mnazijua. Kila mwanachama ana sauti moja. Nafasi ya mtu haiuzwi. Hakuna mlezi. Aliyefiwa, aliyeugua na aliyefukuzwa kazi watashikwa mkono na wote, na hakuna atakayepiga magoti mbele ya mmoja.

Mpira nao ukaja na Umoja. Mechi zilichezwa sisi tukiwa tumelala, hivyo zilirekodiwa na kutazamwa Ijumaa, na wiki nzima ilikuwa mwiko kutaja matokeo. Bwana Shem, mlinzi wa jengo letu, mtu wa Bungoma, alichagua kuwa shabiki wa Bears, yaani Dubu, wa Chicago kwa sababu moja tu: aliambiwa kwamba Bears na Packers wanachukiana tangu 1921. "Mechi bila adui ni chai bila majani," alisema. Kila Ijumaa aliingia akituita kwa jina la utani la mashabiki wa Packers: "Watu wa jibini, habari zenu. Leo dubu anakula." Zakayo alimjibu, "Karibu, shemeji wa dubu. Kaa karibu na mlango, ukilia utoke upesi." Bi Kuruthum, mzaliwa wa Unguja, aliyetupikia biriani, hakuelewa mchezo hata kidogo, lakini alipenda kuuliza kwa nini watu wazima wanaulalia mpira kama kuku anayetamia.

Mwaka 2014 mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Naif, ambaye jina lake halina nafasi kwenye karatasi hii, aliomba kuwa mlezi wa Umoja. Angetupa ukumbi, na Umoja ungeitwa kwa jina lake. Zakayo hakumjibu peke yake. Alilipeleka kwa wanachama, wakakataa. Wiki haikupita, maneno yakaanza: asiye na mlezi wa kuonekana ana mlezi asiyeonekana. Mtazameni kofia yake. Dobi gani anapanda cheo hivyo? Kanisani benchi letu likawa na nafasi pande zote mbili. Mwanangu Rogers, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliulizwa na wenzake baba yake atamtoa kafara lini. Nawaachia wazazi wenzangu mpime maneno hayo.

Ijumaa ya tarehe 14 Machi nusu ya wanachama walikuja kujitoa. Zakayo aliketi mahali pake akiwa na kofia kichwani.

"Khalas, yatosha, mwenyekiti," Bi Kuruthum alimwambia kwa upole. "Ivue tu hiyo kofia, tule kwa amani. Kofia ni kitambaa."

"Dada yangu, nikiivua leo kwa sababu ya uvumi, kesho mtaambiwa viatu vyangu. Keshokutwa mtaambiwa mpate mlezi ndipo mtakuwa salama. Anayetaka kujua hii G ni nini, aniulize hapa."

Watu walianza kuinuka. Bi Jovia, katibu wetu, alikuwa ameshashika mkoba.

Ndipo Shem aliposimama. Huyu ni mtu aliyeapa kwamba hataigusa kofia ile hata ikianguka barabarani, na kumbukumbu yangu ya Ijumaa zote hizo inashuhudia kwamba hakuwahi. Alivuka chumba, akaitoa kichwani kwa Zakayo, akaivaa. Ilikuwa ndogo kwake, ikakaa juu juu kama kifuniko cha sufuria.

"Haya," alisema. "Nimevaa. Kama hii kitu inaua, mimi itaniua mara mbili, maana Bears hawatanisamehe. Nani anafuata?"

Mtu mmoja alicheka. Nadhani ni Jovia. Kisha kofia ikaanza kuzunguka. Wote waliivaa, Mkristo na Mwislamu, na Bi Kuruthum akaiweka juu ya mtandio wake akauliza kama imemkaa. Waliokuja kujitoa waliondoka wakiwa wameshiba. Hakuna aliyejitoa siku ile, na yule bwana wa Naif hakutuma tena mjumbe.

Mwaka 2015 figo za marehemu zilianza kudhoofika. Alikuwa akisafishwa damu hospitalini, na Umoja ukamkalia zamu bila kuitwa. Shem alikuja na mechi zilizorekodiwa, akaketi kando ya mashine, na wakabishana hadi muuguzi akawaomba wapunguze sauti.

Wapo wanaouliza kwa nini hatukumpeleka Kamachumu, na wameongeza kwamba tunaficha mwili. Jeneza lilifunguliwa kanisani asubuhi ya leo. Mwenye macho ameona uso mtulivu wa Mkristo. Tunamzika hapa kwa sababu aliniagiza. Alisema timu kongwe kuliko zote za mchezo ule, Cardinals, ilizaliwa Chicago mwaka 1898, ikahamia St. Louis, ikahamia Arizona, na bado ni ile ile, kwa kuwa ilihama na jina lake. "Mhaya huzikwa kwenye kibanja chake, shamba la ukoo wake," aliniambia. "Kibanja changu ni hawa."

Alifariki Jumatano tarehe 11 Oktoba 2017, alfajiri, nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Ameacha mjane, watoto wawili, dada yake Rosina aliyeko Muleba, na Umoja wa Mji Mdogo, ambao hauna mlezi hadi saa hii. Kofia haitazikwa. Jeneza likishuka, Shem, shabiki wa Bears, ataichukua na kumkabidhi Bi Jovia, mwenyekiti mpya aliyechaguliwa kwa sauti moja moja. Jovia ataivaa hapa hapa, mbele ya kila mtu.

Pumzika, Zakayo, kwa amani uliyoitafutia wengine.

Kuhusu kofia nimemaliza. Atakayeniuliza tena, iwe msibani, kanisani au kwa simu, sitamjibu.