Kichupa Kisicho na Lebo

Jicho lako likianza kuwasha, unamwuliza nani kwanza: daktari, au watu wa benchi? Usinidanganye. Mimi mwenyewe nina digrii, imening'inia ukutani juu ya mashine ya fotokopi, na nilipoanza kuona vidoa vyeusi vikielea mbele yangu niliyemkimbilia ni Nusu Daktari. Huyu ni msafishaji wa kliniki ya macho, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwenye benchi letu, lililo kati ya duka langu na saluni ya Wembe kinyozi, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kila kitu kuanzia kope kwenda juu. Anakaa mwisho kabisa, karibu na jiko la Mama Birika, anapuliza kahawa na kutoa matibabu. Lakini juzi daktari wa macho mwenyewe, yule mzima, alikuja kwenye ukumbi wa mtaa kujibu maswali ya watu. Tulikwenda wote. Kesho yake asubuhi tulikaa pale kama watu waliotoka kusomewa hukumu, na nafasi moja kwenye benchi ilikuwa wazi. Ni nafasi ya Cheche, fundi wa kuchomelea. Daktari alimmulika tochi mara moja tu pale ukumbini, akafunga kikao dakika ileile, akaondoka naye kwenye gari lake.

Mama Birika: Miaka sita! Miaka sita nimeficha miwani yangu nyuma ya kopo la sukari, kisa mtu fulani hapa aliniambia miwani inayazoesha macho uvivu.

Nusu Daktari: Nilisema inaweza.

Mama Birika: Hukusema inaweza. Ulisema, "Mama, jicho ni kama mguu, ukilipa mkongojo halitembei tena." Nikakuona msomi! Namwuliza daktari, ananiambia miwani haijawahi kuharibu jicho la mtu, na hebu nimwoneshe haya malengelenge ya vidole nimeyapata wapi. Kwenye birika nisiloliona!

Wembe: Afadhali wewe. Mimi nimetafuna karoti hadi mke wangu ananiita sungura. Daktari anacheka. Anasema ni chakula kizuri, kaka, endelea nacho, lakini kama saa ya ukutani huisomi, karoti haitakusomea.

Mimi: Karoti ulishauriwa na nani?

Wembe alisogeza kidevu kidogo tu, kuelekea mwisho wa benchi.

Nusu Daktari: Karoti ni kinga. Nyie mnachanganya kinga na tiba.

Mama Birika: Mimi lililonitoa jasho ni lile la presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakumegea kuona kwako taratibu kutoka pembeni, na kilichomegwa hakirudi. Haiumi, jamani! Maisha yangu yote najua kisichouma hakina shida. Sasa nitajuaje?

Mimi: Si alisema? Unakwenda kupimwa kabla hujaona tatizo.

Mama Birika: Yaani niamke mzima, nijisikie mzima, niende kliniki kuwauliza kama ni mzima?

Mimi: Ndiyo.

Mama Birika: Makubwa haya.

Mimi vidoa vyangu daktari aliniambia vingi ni umri tu, ila vikija ghafla kama kundi la nzi, na mwanga unametameta pembeni, niache kila kitu nikimbie. Nusu Daktari alikuwa ameniambia ninywe maji.

Kila mmoja wetu akatazama ile nafasi iliyo wazi.

Mama Birika: Lile jicho la kulia. Lilianza kuwa jekundu lini?

Wembe: Siku nyingi. Mimi nasema ni simu. Sikilizeni. Mchana kutwa anatazama moto wa kuchomelea, jioni anatazama simu. Mwanga wa moto na mwanga wa simu vinakutana ndani ya jicho, vinapiga shoti.

Mama Birika: Shoti? We Wembe, jicho lina waya?

Wembe: Lina mishipa! Mshipa na waya vina tofauti gani? Tena ule moshi wa bati, unapanda puani, unapita nyuma, unatokea kwenye jicho. Mimi hata nywele za wateja wangu naona siku hizi zina chuma. Wembe wangu unakuwa butu! Hewa yote imejaa chuma, na chuma kinavutwa na chuma, na yeye ndani ya jicho tayari ana…

Alikuwa anaongea kasi kuliko kawaida yake, na alikuwa ametia sukari mara tatu kwenye kikombe kilekile.

Mimi: Wembe. Una nini?

Wembe: Sina kitu.

Mimi: Umetia sukari mara tatu. Wewe unashika wembe kwenye shingo za watu.

Aliweka kikombe chini.

Wembe: Mlimsikia daktari aliposema mtu asitolewe kitu jichoni kwa kitambaa, wala kwa njiti, wala kwa ulimi? Kwamba unaweza kumpandikizia mtu vidudu? Wiki tatu zilizopita Cheche alikuja saluni na chembe ya chuma jichoni. Nikaitoa. Kwa ncha ya taulo.

Mama Birika: Taulo gani?

Wembe: La saluni.

Mama Birika: Lile?

Wembe: Lile.

Mama Birika akafunika uso kwa kanga. Taulo la Wembe tunalijua sote. Hakuna aliyewahi kuliona likiwa limeanikwa.

Nusu Daktari: Basi ndiyo hivyo. Ni vidudu.

Alilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango. Ndipo nilipogundua kwamba asubuhi nzima mtaalamu wetu alikuwa hajalitaja jicho la Cheche hata kwa bahati mbaya.

Mke wa Cheche alitokea kwenye kona akitembea upesi, nguo ni zilezile alizovaa ukumbini. Mama Birika akamsogezea kigoda. Hakukaa. Alifungua kiganja, ndani yake mna kichupa kidogo cha plastiki chenye mdomo mwembamba, lebo imebanduliwa, gundi imebaki na kushika vumbi.

Mke wa Cheche: Nimekikuta kwenye mfuko wa ovaroli yake. Jamani, hiki ni nini?

Wembe: Lete nikione. Hakina harufu. Maji ya betri!

Mama Birika: Maji ya betri yangeshatoboa mfuko. Hii ni gundi ya kope za bandia.

Wembe: Cheche abandike kope? Basi ni sumu ya nyoka. Wanaiuza siku hizi, nimeona video, tone moja unaona mpaka ng'ambo ya ukuta…

Mke wa Cheche: Shemeji, nakuomba. Sikuja kubahatisha.

Akavuta pumzi. Alipoongea tena ilikuwa polepole, neno kwa neno, kama mtoto aliyetumwa na ujumbe na anaogopa kuumwaga njiani.

Mke wa Cheche: Kioo cha mbele cha jicho kimefanya weupe, umezunguka kama pete. Daktari anasema pete ile inaletwa na vitu viwili na kwa kutazama vinafanana. Kimoja ni vidudu. Kingine ni dawa ya ganzi, ile anayotia yeye tone moja kabla ya kumtoa mtu chembe. Mtu akijitilia mwenyewe kila siku maumivu yanaisha, na huku chini kioo kinashindwa kupona, kinalika mpaka kinatoboka. Matibabu ya hiki si ya kile. Saa sita wanaanza kumtibu, na wakianzia pasipo, jicho ndilo hilo limekwenda. Nimemwuliza mume wangu. Anasema alinunua, hakumbuki wapi. Miaka kumi na moja naishi naye, anakumbuka kila msumari alipouweka.

Mama Birika: Hiyo ya ganzi inauzwa wapi?

Mke wa Cheche: Haiuzwi. Haitoki nje ya kliniki.

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyeliondoa jikoni. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Birika alitazama jiko. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyetazama mwisho wa benchi.

Wembe: Ni mimi, shem. Ni taulo langu. Mwambie daktari ni vidudu, mwambie ni kinyozi, nitakuja mwenyewe anitukane.

Na yule mwanamke, ambaye hakuwapo wakati wa karoti wala wakati wa miwani, akamgeukia mtu pekee aliyeamini anajua.

Mke wa Cheche: Kaka, wewe mambo haya ndiyo yako, uko nayo kila siku. Nimwambie ni vidudu?

Nusu Daktari: Mimi… Vidudu, kwa kawaida…

Mke wa Cheche: Nimwambie hivyo? Maana nampigia sasa hivi.

Alishabonyeza. Simu ikalia kwa sauti kubwa pale katikati yetu. Ikapokelewa.

— Ndiyo, mama. Umepata chochote?

Mke wa Cheche: Daktari, watu wa huku wanasema ni vidu…

Nusu Daktari: Usimwambie hivyo.

Alisimama. Akajishika kwenye bega la Wembe, akanyoosha mkono. Mke wa Cheche alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na simu ikachukua muda mrefu sana kutoka kwenye mkono wake kwenda kwenye ule mwingine.

— Halo? Mama? Nani mwenzangu?

Nusu Daktari: Ni mimi, daktari. Yule wa usafi.

— Wa usafi? Unafanya nini huko?

Nusu Daktari: Ni ya ganzi, daktari. Usianze na ya vidudu. Zile chupa zinazobaki na dawa kidogo kwenye chumba cha kutolea chembe, mnanipa nizitupe. Cheche alinijia analia na jicho, hajalala siku mbili, geti la mteja halijaisha. Hapa wananiita… Nilitaka nimsaidie. Nikabandua lebo. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara nyingine nilimpa mbili, zimefika tano. Aliposema alinunua alikuwa ananificha mimi, hakununua popote. Nilimpa mimi.