Ubeti wa Tatu

Tarehe nane Novemba, asubuhi ya ukungu na baridi ya kuuma vidole. Basi letu la kwenda kutazama majani mekundu lilipiga wimbo wa vuli wa milima hii, kisha mashine ya muziki ikaukata baada ya ubeti wa pili.

“Kijiji chetu kimo kwenye ubeti wa tatu,” akasema Bi Kuniyo, bibi wa kiti cha mbele yangu. “Nilipokuwa mwongoza wageni wa basi, tuliimba beti zote tumesimama, abiria tumewapa uso, barabara tumeipa mgongo.”

Jirani yake wa kiti, mzee wa bonde la pili, akacheka. “Dada, mashine haikohoi. Halafu majani yetu huiva kabla ya yenu.”

“Yana haraka kwa sababu hakuna anayeyaimba.”

Nilikuwa katikati ya sala ya safari, nikaikatiza kuwasikiliza. Mungu alinisubiri.

“Basi imba,” akasema mzee. “Au sauti nayo imestaafu?”

Basi likasimama mbele ya hekalu. Bibi akainuka, akatugeukia sote.

“Tukirudi, dereva, zima hiyo mashine. Nitaimba beti zote tatu, na huyu babu ataitikia.”