Lazhar Guesmi, Aliyeziunganisha Timu Mbili za Bir Hamra

Ndugu, majirani, wanachama wa klabu na nyote mliotusindikiza hadi hapa makaburini, assalaam alaikum. Familia imenituma mimi, Nasri, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya baba yetu mdogo, Lazhar Guesmi, na mtanivumilia nikiyachanganya na ya mpira, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuyatenganisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1942 hapa Bir Hamra, mtaa wa juu, akiwa mtoto wa pili wa mchimba fosfeti Amor Guesmi na Bi Zohra, akimfuata Tijani, baba yangu mzazi. Alisoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1955, akaenda chuo cha ufundi Metlaoui, akahitimu ufundi umeme mwaka 1959, na mwaka huohuo akaajiriwa mgodini, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1997.

Enzi hizo mji wetu ulikuwa na timu mbili, Nyota ya wachimbaji, jezi nyekundu, na Hilali ya wakulima wa mitende wa mtaa wa chini, jezi za kijani, na wachezaji wote walikuwa watu wenye kazi zao, wakipewa posho kidogo kila mechi. Marehemu alijiunga na Nyota mwaka 1960, akicheza kiungo, baadaye akawa nahodha chini ya kocha Tijani, kaka yake. Tarehe 14 Agosti 1965 alimwoa Bi Mabrouka Hamdi, binti wa mtaa wa chini, na mashabiki wa Nyota waliila kuskusi ya harusi hadi wakakomba sinia, huku wakimwita msaliti, wakati huo ikiwa bado ni utani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nejib mwaka 1966, Saida mwaka 1970 na Houda mwaka 1974.

Mwaka 1971 timu zote mbili zilishika mkia, na chama cha soka kikatamka kwamba mji mdogo kama wetu utabaki na nafasi moja tu katika Daraja la Tatu. Jumapili ya tarehe 6 Juni watu walikusanyika mkahawani kwa Khlifa, na marehemu akasimama akasema, "Tuungane, nyekundu na kijani, la sivyo tutakufa sote wawili." Wa kwao walimzomea, mmoja akapaza sauti, "Umetumwa na wakwe zako!" Tijani hakuzomea, alisema tu, "Lazhar, siku utakayovaa kijani, mlango wangu usiujue."

Kura zikapigwa, muungano ukapita, na msimu mpya ulipoanza marehemu akavaa jezi yenye rangi zote mbili. Tangu siku hiyo kaka yake hakumsemesha, hata mgodini walipopishana, na Bi Mabrouka anasimulia kwamba sikukuu za Idi mumewe alikuwa akikigeuzageuza chakula bila kula. Lakini sahani zilikwenda na kurudi baina ya nyumba zile mbili, kwani mama yangu alikuwa akisema, "Wagombane wanaume, vyombo havijagombana."

Nyumba yetu iko mlimani, juu ya uwanja. Tijani aliapa hatakanyaga uwanjani, ila kila Jumapili alipandisha kiti darini, juu ya paa la nyumba, akaanza kupiga kelele, panda wewe, rudi wewe, na walipomuuliza alijibu, "Sisemi na Lazhar, nasema na beki wa kushoto." Marehemu, aliyekuwa kocha tangu 1975, hakuwahi kuinua macho kutazama dari lile, ila kufikia mapumziko beki wa kushoto alikuwa amekwisha kurekebishwa.

Tarehe 25 Mei 1986 tulihitaji ushindi mmoja tu tupande Daraja la Pili, matokeo yakiwa bao moja kwa moja, na kutoka darini ikasikika, "Mtoe namba sita, kachoka!" Namba sita alikuwa Nejib. Marehemu alisita, kisha akamtoa. Nejib alifika benchi, akauliza, "Baba, unamsikiliza nani?" Akajibiwa, "Namsikiliza anayeona." Aliyeingia ndiye aliyefunga bao la pili.

Jioni ile marehemu aliwaacha watu wakicheza ngoma barabarani, akapanda mlima, akabisha hodi. Tijani alifungua, akasema, "Umechelewa kumtoa yule mtoto." Marehemu akajibu, "Ulikuwa unakohoa, kaka, sikukusikia vizuri." Wakanywa chai, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, wala aliyedai kuombwa.

Timu ilishuka baada ya msimu mmoja, na haijapanda tena. Tijani alifariki mwaka 2003 kwa vumbi la kifuani, na marehemu ndiye aliyemwosha. Yeye mwenyewe mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2014, akatibiwa hospitali ya mkoa, Gafsa, na tangu mwanzo wa mwaka huu alipumua kwa mtungi wa oksijeni nyumbani, hadi jana, Alhamisi tarehe 11 Novemba 2021, alipotutoka mikononi mwa Houda. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Gafsa, majirani wa mitaa yote miwili mliopokezana kubeba mitungi, wastaafu wenzake wa mgodini, na wachezaji waliochimba kaburi hili alfajiri. Uongozi wa klabu ulitaka kuahirisha mechi ya keshokutwa, lakini marehemu aliacha neno kwa Nejib, "Msiahirishe, wageni watapewa pointi za bure, nami nitalaumiwa nikiwa kaburini." Basi Jumapili, saa tisa alasiri, tunacheza.

Baba mdogo, Mwenyezi Mungu akupokee kwa rehema, upumzike kwa amani.