Nyimbo Kumi za Roki Zilizopewa Kumbukumbu Namba

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, mkuu wetu wa masjala, ambaye ghorofa zote tatu humwita Mzee Gitaa, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Tarehe hiyo imehakikiwa mara tatu.

Alianza akiwa tarishi, akapanda hadi karani, kisha akakabidhiwa masjala yenye majalada elfu kumi na moja. Hajapoteza hata moja. Siri yake ni roki. Barua zinazoingia huzigonga mhuri kwa mapigo ya wimbo wenye ngoma za haraka. Za siri huzifunga kwa wimbo wa taratibu wa dakika nane, ambao gitaa lake, kwa maelezo yake, hulia kama mtu aliyenyimwa likizo. Redio huwa chini sana. Kinachosikika ni mguu wake. Wahasibu wa ghorofa ya chini waliwahi kuleta malalamiko ya maandishi kuhusu mguu huo. Aliyapokea vizuri, akayagonga mhuri, akayafungulia jalada.

Ukimuuliza kuhusu maonyesho ya jukwaani, vuta kiti kwanza. Analolipenda kupita yote ni lile la uwanjani, umeme ulipokatika katikati ya kiitikio. Magitaa yakanyamaza, mpiga ngoma akaendelea, watu wakaimba wenyewe. Umeme uliporudi, bendi ikakuta imeachwa nyuma ubeti mzima. Mzee alirudi nyumbani na kiatu kimoja, tena si chake. Mkewe, Shangazi yetu sote, husema, "Mimi sina mke mwenza. Nina spika mbili."

Sasa lile la Machi. Mzee alikuwa amechapa orodha ya nyimbo zake kumi bora za roki, kila moja na sababu yake: ya tatu kwa kuwa mwimbaji anakohoa na hakuna aliyethubutu kukifuta kikohozi, ya saba kwa kuwa besi inachelewa kuingia kama mtumishi wa Jumatatu. Kwa makosa, orodha ikawekwa kwenye jalada la barua za kusainiwa. Mkurugenzi, akiwa mbioni kusafiri, akasaini. Ikapewa kumbukumbu namba na kusambazwa matawi yote tisa kwa utekelezaji.

Matawi yakatekeleza. Moja liliripoti kwamba limekwisha kusikiliza nyimbo sita na linaomba kuongezewa muda. Jingine lilipinga namba nne, kwa barua yenye nakala tatu.

Mkurugenzi aliporudi, alishuka masjala mwenyewe. "Nani kaweka hii?"

Mzee akasimama. "Ni mimi, mkuu. Na hao wa namba nne wana haki. Ilistahili kuwa ya pili."

Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake ya kazi, miezi mitatu kabla ya kustaafu. Aliiweka mwenyewe kwenye jalada lake, akaiandika folio namba 87, akaendelea na chai.

Aliyeweka orodha ile ni mimi. Nilikuwa na wiki mbili kazini, niko katika muda wa majaribio, nikakusanya kila karatasi iliyochapwa vizuri. Nilipofungua mdomo kusema, Mzee aliniwahi: "Nyamaza, mwanangu. Wewe ndiyo kwanza unaingia, mimi natoka." Baadaye, kwenye fomu yangu ya tathmini, aliandika: "Husambaza nyaraka kwa haraka. Matawi tisa, siku moja."

Mkurugenzi anayasoma haya leo pamoja nanyi, kwa mara ya kwanza. Mtu aliyetunza majalada ya wenzake miaka yote hiyo hastahili kuondoka na doa kwenye la kwake. Kwa heshima kubwa, naomba folio namba 87 ihamishiwe kwenye jalada langu. Bado ni jembamba, nafasi ipo.

Mzee wetu, asante kwa kila kitu. Tunakuombea afya, siku nyingi za kupumzika, na majirani wavumilivu.