Bi. Kemuma Nyangate na Ukurasa wa Dripu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi. Kemuma Nyangate anastaafu Alhamisi hii, tarehe 27 Novemba 2025. Aliingia ofisi yetu ya mjini Kisii akipiga chapa mitihani ya shule. Anaondoka akiwa mhariri mkuu wa miongozo ya programu zetu za matibabu, ile inayosomwa na wauguzi kwenye zahanati za Kisii na Nyamira.

Bi. Kemuma ni mwoga, wala hafichi. Husoma kila sentensi kwa sauti, hata wageni wakiwa mapokezi. Ijumaa mchana hakubali ukurasa wowote uende mtandaoni, kwa sababu Sabato ikiingia hakuna atakayekuwepo kuurekebisha. Geoffrey, mkuu wa waandaaji programu, alimbandika jina la Breki, naye akaliitikia.

Woga huo ulizidi tulipohamishia miongozo kwenye Git, hifadhi ileile inayotunza msimbo wa programu zetu. Mpango ulikuwa mzuri: kila mmoja aandike kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, na rasimu ikishaunganishwa na tawi kuu, nakala rasmi ya wote, tovuti ijijenge upya yenyewe na kwenda hewani papo hapo. Tulishangilia. Yeye aliuliza, "Na mkono ukiteleza, nani atauzuia?"

Mkono uliteleza Aprili mwaka jana, alasiri moja ya mvua. Cynthia, mwandishi wetu mpya, alikuwa akipanga upya ukurasa wa dripu. Kwenye jedwali la watoto wachanga aliweka kwa muda kasi ya watu wazima, ili aone tu jinsi jedwali linavyokaa. Kisha akaunganisha rasimu hiyo na tawi kuu akidhani ni nyingine. Bi. Kemuma, ambaye hufungua kila ukurasa mpya kwenye simu kama atakavyoufungua muuguzi, aliinuka ghafla hadi kiti kikaanguka.

"Geoffrey, ondoa huo ukurasa! Utaua mtoto!"

Geoffrey alirudisha toleo la awali, lakini hitilafu nyingine ikakwamisha ujenzi wa tovuti. Ukurasa ule ukabaki palepale, ikabidi azime tovuti nzima. Wauguzi huingia kwa jina la zahanati, hivyo tukaona aliyekwisha kuufungua: zahanati moja karibu na Ekerenyo.

Bi. Kemuma akapiga simu na kuweka spika. Haipatikani. Akapiga tena. Cynthia alikuwa ameketi sakafuni, machozi yakimtiririka bila sauti. Mimi, wa meza ya jirani, sikujua hata pa kuweka mikono yangu. Hatimaye Sista Lavender, muuguzi wa zamu, akapokea.

"Sista, kuna mtoto umemwekea dripu?"

"Ndiyo, madam, sasa hivi tu. Anaharisha tangu jana."

"Ifunge! Funga kwanza, tutaongea baadaye. Ukurasa wetu una makosa!"

Tukasikia nyayo zikikimbia, kisha mvua tu ikipiga mabati upande ule. Kungoja kule simwombei mtu yeyote.

"Nimefunga," sauti ikarudi, ikihema. "Anapumua vizuri. Nilishangaa mbona matone yanaenda mbio hivyo, lakini nikasema nyinyi ndio mnajua."

Maneno hayo ya mwisho yalitutisha kuliko yote.

Mtoto alipona. Kesho yake Bi. Kemuma alikwenda Ekerenyo na Cynthia, akamweleza mama mzazi ana kwa ana yaliyotokea. Mama yule alimkumbatia mwanawe kwa nguvu na kuwatazama kana kwamba wao ndio ugonjwa, kama alivyosimulia Cynthia. Njiani kurudi, Cynthia alisema anaacha kazi. Bi. Kemuma akamkatalia: "Kesho uje. Anayeogopa ndiye ninayemtaka."

Tangu hapo tawi kuu lina kufuli. Rasimu huonekana kwanza kwenye anwani ya majaribio, na haiendi hewani hadi mtu wa pili aisome na kuidhinisha. Mtu huyo amekuwa Bi. Kemuma. Kuanzia wiki ijayo atakuwa Cynthia. Alipoambiwa, aliomba aufungue ukurasa wa dripu ausome tena.

Bi. Kemuma, asante kwa kila ukurasa uliotuzuia kuuharakisha. Nenda ukatunze shamba lako la chai kule Nyacheki, Mungu akuzidishie afya na usingizi mtulivu. Kuogopa sasa ni zamu yetu.