Ruhusa Niliyonyimwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa hospitali yetu. Madaktari na wauguzi wenzangu. Ndugu zangu wa chumba cha kufulia, mliokaa nyuma kana kwamba sherehe si yenu. Na wewe mume wangu, uliyekubali leo kuvaa tai: habari za mchana.

Nimeombwa niwaage kwa maneno machache na matamu. Machache nitajaribu.

Mmenisifu kwa wagonjwa niliowatibu. Hakuna aliyetaja mahakama, ingawa wote mnajua ndiko nilikopata maadui. Kazi yangu kule ilikuwa kumweleza jaji jambo lisiloonekana kwa macho: ubongo ulioumia ndani ya mtu anayeonekana mzima.

Mnamkumbuka fundi cherehani aliyeangukiwa na rafu kiwandani? Wakili wa kiwanda alisimama akatamba: "Ametusalimia, anajua tarehe, anawajua watoto wake. Ugonjwa uko wapi, Daktari?" Nikamwomba jaji ruhusa, nikavua koti, nikang'oa kifungo, nikampa fundi akishone. Akatunga uzi, akapitisha sindano vizuri kabisa, kisha akaukata bila kupiga fundo. Akanirudishia koti akitabasamu. "Tayari, mama." Kifungo kikaanguka miguuni pa wakili. Akarudia, ikawa vilevile, na kosa hakuliona. Mkewe akajifunika uso kwa mtandio.

"Anaigiza," akasema wakili. Nikamjibu kwamba anayeigiza hututazama aone kama tumeamini; huyu alikuwa anatazama mlango, ana haraka ya kurudi kwenye kazi ambayo hawezi tena kuifanya.

Tulishinda. Kiwanda kikakata rufaa, ikaamriwa kesi isikilizwe upya. Tangu hapo nimeambiwa mangapi? Kwamba kiwanda ni rafiki wa hospitali, kwamba ndicho kilichotupakia rangi wodi mpya, kwamba nina kichwa kigumu. Siku ya kesi nikanyimwa ruhusa ya kutoka, nikapangiwa zamu isiyo yangu. Fundi na mkewe walinisubiri kwenye benchi la mahakama mpaka kesi ikaahirishwa. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Nawashukuru wauguzi mlionikumbusha kula. Nakushukuru na wewe, Ndugu Mkurugenzi, kwa saa hii nzuri ya ukutani, na zaidi kwa kuharakisha kunistaafisha. Kesi inaanza tena Jumatatu asubuhi. Kitambulisho cha hospitali nimekirudisha, na kuanzia leo siombi ruhusa kwa mtu.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza; Jumatatu atanisikiliza jaji.